Lakiri ya Sanduku la Saba

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, Chiriku na mama yake mdogo walitoka nyumbani kwenda kuhesabu vitu walivyokwisha kuvihesabu mwezi uliopita. Bibi alibaki mlangoni akitikisa kichwa.

"Mnakwenda kuona kama bandeji zimezaana?" aliuliza kila mara.

"Zikizaana, mama, tutakuletea kifaranga," mama mdogo alimjibu kila mara.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alianza kusema mapema sana, na bibi yake aliapa kwamba tangu siku hiyo hajanyamaza ila mara mbili. Mara ya kwanza ni alipougua matubwitubwi, mashavu yakavimba kama maandazi. Mara ya pili ndiyo hii.

Mama mdogo alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ya mji. Yeye ndiye humlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, kisha hukaa kichwani pake akimlindia pumzi. Majirani walipenda kumtania. "Kazi gani hiyo, daktari? Hata hotuba za mwenyekiti wa mtaa zinalaza watu!" Naye hujibu, "Kulaza si kazi, jirani. Kazi ni kumwamsha."

Siku yake ya mapumziko hakupumzika. Yeye na wenzake saba walikuwa kikosi cha madaktari na wauguzi wa kujitolea, waliojiandaa kwenda popote penye maafa makubwa: mafuriko, tetemeko, jengo lililoanguka. Ghala lao lilikuwa kiwanda cha mkate kilichofungwa zamani. Ndani ya tanuri walihifadhi mablanketi. Siku za joto kuta zilitoa harufu ya mkate, na daktari wa mifupa, jitu la miraba minne lililoitwa Tingatinga, alisimama pale akinusa kwa huzuni. Viatu vya Tingatinga vilikuwa vikubwa hivi kwamba paka wa ghala alizalia ndani ya kimoja, na mwenyewe akakivaa hadi mlangoni kabla ya kusikia mlio.

Watu wengi hudhani kwamba msaada huanza pale gari linapowasha king'ora. Chiriku alijua huanza miezi kabla, na tena bila kelele. Kila mmoja wa kikosi aliweka begi nyuma ya mlango wa nyumba yake: viatu vigumu, nguo, chakula na maji ya siku tatu, maana wakienda mikono mitupu watakula chakula cha wale wale waliokwenda kuwaokoa. Gari lao halikulala na tangi lililopungua nusu. Simu ikiingia kwa mmoja, humpigia wa pili, wa pili wa tatu, na ndani ya saa moja wote wawe ghalani. Mama mdogo alijizoeza kuunganisha vifaa vyake akiwa amefungwa kitambaa machoni. Jioni nyingine Chiriku alimkuta amekaa sebuleni hivyo, vidole vikipapasa, na bibi pembeni akisema, "Nilimsomesha miaka yote hiyo ili aje acheze kombolela peke yake."

Mtunza ghala alikuwa muuguzi mstaafu, Mzee Orodha. Huyu alikuwa mtu wa kuhesabu. Watu walisema harusini kwake alihesabu wageni, akakuta amezidi mmoja, na harusi ikasimama mpaka alipokumbuka kuwa yule wa ziada alikuwa bwana harusi. Ukaguzi wake ulikuwa na utaratibu usiopindishwa. Mtu mmoja anasoma orodha. Mwenzake anakitoa kifaa, anakitazama, anakishika, anakijaribu, kisha anasema maneno haya, si zaidi wala si pungufu: "Nimeona, nimegusa, inafanya kazi." Sanduku likiisha, Mzee hulifunga kwa lakiri, yaani kifungo cha plastiki chenye namba, ambacho hakifunguki ila kwa kukatwa. Lakiri ikiwa nzima, hakuna atakayelifungua sanduku tena mpaka mwezi ujao, au mpaka maafa.

"Kwa nini kugusa, babu, kama nimeshaona?" Chiriku aliwahi kuuliza.

"Kwa sababu macho yana haraka ya kwenda nyumbani," Mzee alimjibu.

Kwa miezi mingi Chiriku aliruhusiwa kugusa mablanketi na glavu tu. Alitamani sanduku la saba, sanduku la mama mdogo, lenye vifaa vya kupumulia. Na Jumamosi ile bahati ikamwangukia. Zilikuwa zimebaki dakika chache kumaliza, mama mdogo akaitwa na hospitali. Akavua aproni, akamvisha Chiriku.

"Mshikie Mzee sanduku langu," alisema. "Vitu umeviona mara mia. Polepole, mwanangu."

Tatizo ni kwamba siku ile ile, saa tatu na nusu, palikuwa na fainali ya mpira wa pete, na Chiriku ndiye mlinda goli. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika kumi.

"Barakoa za watoto, nne," Mzee alisoma, pua ikikaribia kugusa karatasi.

"Nimeona, nimegusa, inafanya kazi."

"Mirija ya koo, kumi."

"Nimeona, nimegusa, inafanya kazi."

"Taa ya koo."

Taa ya koo ni mpini wa chuma wenye betri mbili tumboni, na ulimi wa chuma wenye kitaa kidogo nchani. Daktari huuingiza mdomoni mwa mtu aliyeshindwa kupumua, akaona njia ya hewa, akapitisha mrija. Ya akiba ilikuwa kwa fundi, hivyo ilibaki hii moja. Ilikuwa ndani ya mfuko wake wa ngozi wenye zipu iliyozoea kukwama. Chiriku aliutazama mfuko. Aliitazama saa. Zipu ile pekee ingekula dakika tatu.

"Nimeona, nimegusa, inafanya kazi."

Mzee aliinua macho. "Imewaka?"

"Imewaka, babu."

Mzee akavuta lakiri, *trrrk*, akaandika namba na kutia sahihi. Chiriku alikwisha kuwa barabarani.

Timu yake ilifungwa kumi na nne kwa sita.

Mpaka Jumatano hakuwaza lolote. Jumatano jioni umeme ulikatika, bibi akavuta tochi kutoka droo ya jikoni. Haikuwaka. Aliifungua, na betri zikatoka na unga mweupe wenye majimaji ya kijani.

"Zimetapika," bibi alisema akishika pua. "Betri ukizisahau hukutapikia. Niletee mshumaa. Chiriku! We mtoto, mbona umekauka?"

Alikuwa amekauka kweli. Alikuwa anaona mfuko wa ngozi.

*Labda inawaka,* alijiambia usiku. *Mwezi uliopita iliwaka.* Kisha wazo jingine likamjibu kwamba tochi nayo mwezi uliopita iliwaka.

Alhamisi aliamua kumwambia mama mdogo, lakini huyo alirudi kutoka kazini amechoka, akalala na viatu miguuni. *Kesho,* Chiriku alisema. Ijumaa alikutana na Mzee Orodha njiani akitoka kununua mboga, akihesabu matembele.

"Vipi, mjukuu wangu?"

Maneno yalikuwa pale pale, nyuma ya meno. "Salama, babu," alisema.

"Leo umefupisha. Huumwi?"

"Siumwi."

Nyumbani aliacha nusu ya chakula. Bibi alimpima joto kwa kiganja, akamtazama ulimi, akasema labda matubwitubwi yamerudi kwa mlango wa nyuma. Chiriku hakucheka.

Jumamosi saa saba mchana simu ya mama mdogo ililia. Alisikiliza akiwa amesimama, akasema "Ndiyo" mara tatu, akampigia mwenzake wa pili, kisha akatoa begi nyuma ya mlango. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo kwenye mji wa milimani, mwendo wa saa tano kwa gari. Sasa ubavu wa mlima ulikuwa umeporomoka juu ya mtaa wa karakana na nyumba za mafundi. Umeme hakuna. Simu za huko hazipatikani. Watu walikuwa chini ya udongo.

"Nakusindikiza," Chiriku alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Ghalani hakuna aliyekimbia na hakuna aliyepiga kelele. Kila mtu alijua pa kusimama. Masanduku yalipita mikononi kutoka rafu hadi garini, Tingatinga akibeba mawili mawili. Juu ya meza, redio ndogo ya Mzee ilikuwa ikitangaza idadi, na kila baada ya dakika chache idadi ilipanda. Mzee alisimama mlangoni na orodha yake.

"Sanduku la sita, lakiri nzima."

"Twende!"

"Sanduku la saba, lakiri nzima."

"Twende!"

Chiriku aliliona likipita mbele yake. Alifungua mdomo. Hewa tu ikatoka. Akamwona mama mdogo akipanda, akifunga mkanda, akimpungia mkono. Dereva aliwasha injini. Mtu alianza kufungua geti.

Chiriku alikimbia akasimama mbele ya gari, mikono ameitanua kama anazuia goli.

"Wewe!" dereva alifoka. "Ondoka hapo, unataka tuanze na wewe?"

"Sikuigusa!" Chiriku alisema. "Taa ya koo, mama mdogo. Nilisema nimegusa, sikuigusa. Nilisema imewaka. Sikufungua hata zipu."

Injini ilinguruma, na ile redio ikaendelea kutangaza. Mzee Orodha alitazama karatasi yake, penye sahihi yake mwenyewe, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Chiriku angetamani apigwe makofi kuliko kuona uso ule.

Mama mdogo aliteremka. Hakumtazama Chiriku. "Mkasi," alisema.

Lakiri ilikatwa. Zipu ilikwama, Tingatinga akaipasua. Mama mdogo aliukunjua ulimi wa chuma mahali pa kuwakia. Giza. Aliukunjua tena. Alifungua mpini, na unga mweupe ukamwagika kiganjani mwake. Hata betri za akiba, zilizonunuliwa siku moja na zile, zilikuwa zimelowa.

"Duka?" aliuliza.

"Barabara ya pili," dereva alijibu. "Dakika ishirini, na leo foleni."

Mzee Orodha alikuwa tayari ameshika redio. Mtangazaji alikuwa katikati ya kutaja idadi mpya. Mzee akabandua kifuniko cha nyuma, akachomoa betri, na sauti ikakatika hapo hapo.

"Mbili," alisema akizinyoosha. "Nimezinunua juzi."

Tingatinga alikwangua kutu kwa ncha ya kisu, akapangusa kwa spiriti. Betri zikaingia. Mama mdogo akaukunjua ulimi, na nchani pakatokea nuru ndogo, nyeupe, isiyozidi punje ya mtama.

"Nimeona, nimegusa, inafanya kazi," alisema. Mzee alivuta lakiri mpya. Gari likaondoka.

Mzee alitazama saa, akaandika kwenye daftari lake: *Tumechelewa dakika nane.* Hakuandika kwa sababu ya nani. Chiriku alisoma mstari ule kichwa chini, akaanza kulia.

"Kilio baadaye," Mzee alisema. Hakuwa mkali, na hakuwa mpole. "Kuna masanduku ya kikosi cha pili kitakachowapokea, kesho huenda wakaitwa. Yote niliyafunga kwa lakiri. Leo siziamini lakiri zangu. Lete mkasi."

Walifanya kazi mchana kutwa ndani ya ghala lisilo na redio. Mzee alisoma, Chiriku akagusa, kisha Mzee akainuka akagusa tena kila kitu baada yake, hata mablanketi. Ilimuuma Chiriku kuliko kelele. Hawakujua idadi imefika wapi. Hawakujua kama barabara inapitika. Mara moja tu Mzee alisimama, akaitazama redio yake iliyokuwa wazi mgongoni, akasema, "Jana njiani nilikuuliza."

"Ndiyo, babu."

"Ukasema salama."

"Ndiyo, babu."

"Haya. Mikasi ya bandeji, sita."

Siku tano zilipita. Bibi hakutania mtu. Shuleni Chiriku alikaa kimya hata mwalimu wa darasa akamwuliza kama amehamia shule nyingine akasahau kuaga. Kila alipofumba macho aliziona zile dakika nane, zimepangana kama watu kwenye foleni, na kila moja ina mtu anayesubiri.

Siku ya sita mama mdogo alirudi. Tope lilikuwa limemkauka hadi kwenye nyusi, na sauti ilikuwa imekwisha. Alikunywa maji, akaoga, akanywa maji tena. Kisha akamwambia Chiriku, "Vaa viatu. Twende kwa Mzee."

Ghalani aliketi juu ya sanduku la saba, akasimulia akitazama sakafu. Walifanya kazi kwa zamu mchana na usiku. Siku ya pili wachimbaji walimtoa fundi seremala aliyekuwa amekaa chini ya benchi lake la kazi tangu mlima ulipoanguka. Alipofikishwa hemani kifua kilikuwa kimesimama, koo limejaa udongo. Jenereta lilikuwa limezima.

"Nilikuwa na ile nuru tu," mama mdogo alisema. "Nikaona njia. Mrija ukapita. Kifua kikapanda." Aliinua macho. "Jana aliniuliza kama benchi lake limepona. Nikamwambia limepona kuliko yeye."

Mzee alicheka, akajipangusa macho kwa orodha.

Chiriku hakucheka. Swali lilikuwa limemkaa siku sita. "Mama mdogo. Na zile dakika nane?"

Bibi angesema usiwaze, mwanangu. Jirani yeyote angesema hivyo. Mama mdogo alimtazama sana.

"Sijui," alisema. "Kuna watu tuliowafikia wamekwisha kukata roho. Wengine walikata siku ile ile ya kwanza, kabla simu haijalia. Huenda dakika nane zilikuwa za mmoja wao, huenda hazikuwa za mtu. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Mimi mwenyewe sijalala."

Machozi yalimtoka Chiriku bila sauti.

"Sasa nisikilize," mama mdogo aliendelea, akimshika mabega. "Ulifanya makosa mawili. La kwanza ni la Jumamosi, la dakika tatu za zipu. Hilo kila mmoja wetu amewahi kulikaribia, muulize Tingatinga. La pili ni la kuanzia Jumatano, la kujua na kunyamaza. Hilo ndilo lililotugharimu dakika nane. Ungesema Jumatano, tungebadilisha betri tukinywa chai. Lakini ulisema, gari likiwa linaondoka, watu wote wanakutazama, na ulijua utaaibika. Usingesema, yule seremala angekuwa amekufa mikononi mwangu, nami nikibonyeza chuma gizani. Sanduku halifungwi kwa plastiki, mwanangu. Linafungwa kwa neno la aliyeligusa. Mimi nimepanda kwenye gari nikiamini neno lako kama ninavyoamini mikono yangu. Ukikosea, sema. Ukichelewa kusema, sema vilevile. Lakini usiniache niende na neno bovu."

"Sitakuacha," Chiriku alisema.

Mama mdogo alitoa mfukoni kifurushi cha shashi. Ndani yake zilikuwemo zile betri mbili za redio, zimepanguswa safi. Mzee alizitia kwenye redio, akabonyeza. Redio ikakohoa, ikakwaruza, kisha ikaanza kutangaza sabuni ya kufulia kwa furaha kubwa, kana kwamba haijakosa lolote.

Mzee aliipunguza sauti. Alimsogezea Chiriku sanduku la saba, akaweka juu ya meza mfuko mpya wenye taa, pamoja na betri mpya, akashika orodha.

"Taa ya koo."

Chiriku alifungua zipu. Aliutoa mpini, akaufungua, akazitazama betri mpya, akazitia, akaukunjua ulimi wa chuma. Punje ya nuru ikawaka. Hakuridhika, akaizima, akaiwasha tena.

"Nimeona. Nimegusa. Inafanya kazi."

"Imewaka?"

Chiriku alimgeuzia nuru usoni, na Mzee akafumba jicho moja.

"Vizuri," Mzee alisema. "Sasa mpe mama yako mdogo naye aiguse. Itakuwa hivyo kwa miezi mitatu, ukigusa wewe, mwingine anagusa tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa, babu."

Mama mdogo aliichukua, akaijaribu, akasema maneno yale yale, akairudisha. Mzee alitoa lakiri, lakini hakuivuta. Alimpa Chiriku. Msichana aliipitisha kwenye tundu, akashusha pumzi, akavuta. *Trrrk.*